Soya na Mwenzake Aliyebaki Asia

Mwaka 1907 wataalamu wa kilimo wa Kijerumani waliipanda soya katika kituo chao cha utafiti cha Amani, juu ya milima ya Usambara mkoani Tanga. Zao hilo lilikuwa limetoka mbali. Asili yake ni China, ambako limelimwa kwa maelfu ya miaka, na katika udongo wa huko lilikuwa na mwenzake asiyeonekana kwa macho: bakteria anayeingia kwenye mzizi, akajijengea kinundu, kisha akaanza kuinasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Mbegu za soya zilivuka bahari. Bakteria huyo, kwa sehemu kubwa, alibaki alikokuwa.

Hadi leo sehemu kubwa ya soya ya Afrika Mashariki hulimwa kama mgeni aliyekuja peke yake. Mkulima wa Songea anayelima kunde, karanga na njugumawe hapaki mbegu zake kitu chochote, na bado zinastawi, maana mazao hayo hukubaliana na jamii pana ya bakteria waliomo kwenye udongo wetu. Soya huchagua. Ikimkosa inayemtaka, humpokea yeyote aliyepo kwa shingo upande, au haitoi vinundu kabisa, na majani yake hupauka yakawa ya manjano chini ya hewa ambayo asilimia 78 yake ni naitrojeni.

Kulithibitisha hili hakuhitaji maabara. Soya inapoanza kutoa maua, yapata wiki ya sita hadi ya nane, mkulima achague miche kadhaa na kuichimba kwa jembe akiizunguka taratibu. Asiing'oe kwa mkono, kwa sababu vinundu vitakatika na kubaki ardhini, naye atadhani havikuwapo. Mizizi ioshwe polepole ndani ya ndoo. Vinundu vyema hukaa karibu na mzizi mkuu, vikiwa na ukubwa wa punje ya mtama au zaidi kidogo. Kimoja kipasuliwe kwa ukucha. Ndani kikiwa na wekundu au rangi ya waridi, kinafanya kazi. Cheupe bado ni kichanga au hakina tija. Cha kijani au cha kahawia kimekwisha.

Wekundu ule unatokana na protini ya ukoo mmoja na ile inayoipa damu ya binadamu rangi yake. Kimeng'enya kinachoivunja naitrojeni huharibika kikikutana na oksijeni nyingi, ilhali bakteria wenyewe wanahitaji oksijeni ili waishi. Protini hiyo ndiyo inayoamua nani apate oksijeni na kwa kiasi gani. Mmea huitengeneza kwa ajili ya mgeni wake tu.

Makubaliano yao huanza kwa mazungumzo ya kikemikali. Mzizi wa soya humwaga kwenye udongo viambata ambavyo bradirizobia, kundi la rizobia, yaani bakteria wa vinundu, wanaoipenda soya, huvitambua. Bakteria hujibu kwa ishara yao wenyewe, na unywele wa mzizi hujikunja mithili ya mkono wa bakora ukawakumbatia. Wakishaingia, mmea huwalipa sukari, nao huulipa naitrojeni. Wajerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walionyesha katika miaka ya 1880 kwamba naitrojeni ya jamii ya kunde hutoka hewani kupitia vinundu, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe na kuwaotesha maabara.

Jambo la kustaajabisha zaidi lilikuja mwaka 2003. Toby Kiers na wenzake, wakiwa Marekani, walivizungushia vinundu vya soya hewa ambayo naitrojeni yake ilikuwa imeondolewa na nafasi yake kujazwa gesi ya agoni. Bakteria walikuwa hai lakini hawakuwa na cha kuupa mmea. Mmea ukawaadhibu: kuzaliana kwao ndani ya vinundu hivyo kulipungua kwa takriban nusu. Soya hupima anacholeta mgeni wake na hupunguza matunzo kwa asiyeleta.

Kwa mkulima, hesabu yake ni hii. Ili ivunwe tani moja ya punje, mmea mzima wa soya huhitaji takriban kilo 80 za naitrojeni. Hekta inayotoa tani 2 inahitaji kilo 160. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, kwa hiyo kiasi hicho ni sawa na mifuko 7 kwa hekta moja. Hakuna mkulima mdogo wa Ruvuma, Bungoma au Lira atakayenunua mifuko 7 ya urea kwa ajili ya soya, na akinunua atakuwa amepoteza fedha, kwa kuwa naitrojeni nyingi ya mbolea huifanya soya iache kujenga vinundu. Rizobia walio sawasawa huweza kubeba zaidi ya nusu ya mzigo huo bila kiwanda wala gesi asilia.

Hapa inafaa kusahihisha neno linalosemwa sana kwenye mikutano ya wakulima, kwamba soya hurutubisha udongo. Hurutubisha kwa masharti. Punje za soya zimejaa protini, na protini ni naitrojeni. Mkulima akivuna punje, akabeba na mabua kwenda kuyapigia nyumbani, kisha makapi akayachoma, anaweza kuliacha shamba na naitrojeni pungufu kuliko alivyolikuta. Mahindi yanayofuata hunufaika pale mabaki yanaporudishwa shambani na pale ambapo vinundu vilifanya kazi kweli.

Nchi iliyolishika jambo hili kwa dhati kuliko zote ni Brazil. Johanna Döbereiner, mzaliwa wa Czechoslovakia aliyehamia Brazil baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alikuwa mtafiti wa bakteria wa udongo huko Seropédica, nje kidogo ya Rio de Janeiro. Katika miaka ya 1960 soya ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kupanuka nchini humo. Njia rahisi ingekuwa kuzalisha mbegu kwenye mashamba yenye mbolea ya naitrojeni tele. Döbereiner alishikilia kwamba mbegu za Brazil zichaguliwe bila mbolea hiyo, ili zibaki zile tu zinazoelewana na bakteria. Uamuzi huo wa mapema ulipunguza gharama za miongo iliyofuata. Brazil leo ndiyo mzalishaji mkubwa wa soya duniani, na karibu zao lote hupata naitrojeni yake kwa vijidudu badala ya urea.

Aliyefuata nyayo zake ni Mariangela Hungria wa taasisi ya Embrapa, Londrina, mtafiti aliyetunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2025. Yeye na wenzake walilijibu swali ambalo wakulima wa nchi zote huliuliza: udongo ukishapata bakteria wake, kuna haja gani ya kuwapaka tena kila mwaka? Majaribio ya miaka mingi yalionyesha kwamba kupaka upya kila msimu huongeza mavuno kwa wastani wa asilimia 8, hata kwenye mashamba ambayo bakteria tayari wamo. Kisha wakaongeza kijidudu cha pili, asospirilamu, ambaye hatengenezi vinundu bali huchochea mizizi irefuke na kujigawa. Wawili hao wakipakwa pamoja, ongezeko lilifikia wastani wa asilimia 16. Mzizi mwingi maana yake ni milango mingi ya rizobia kuingilia, na maji zaidi kipindi mvua inapokatika.

Hata hivyo, kosa kubwa ambalo Afrika ingeweza kulifanya ni kuichukua Brazil kama ilivyo na kuibandika hapa. Wakulima wa uwanda wa Cerrado huko walimwaga chokaa kwanza, wakaondoa uchachu wa udongo, wakaweka fosforasi. Bakteria waliingia kwenye nyumba iliyokwisha tayarishwa.

Afrika ilianza kwa njia nyingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa taasisi ya IITA mjini Ibadan, Nigeria, walifikiri hivi: mkulima mdogo hana duka la bakteria karibu, basi na tubadilishe soya yenyewe. Wakazalisha mbegu zenye alama ya TGx, zinazokubali kushirikiana na bakteria wa kienyeji wanaoishi na kunde. Lilikuwa wazo la busara kwa mazingira yake, na mbegu hizo zilienea nchi nyingi. Zimbabwe, kwa upande wake, ilijenga kiwanda cha kuzalisha rizobia huko Marondera tangu miaka ya 1960. Nchini Kenya, kituo cha MIRCEN cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1977, kilitengeneza unga wa bakteria uitwao Biofix, na baadaye kampuni ya MEA ya Nakuru ikapewa leseni ya kuuzalisha kibiashara. Bakteria wake hubebwa na tope linalobaki kwenye viwanda vya sukari baada ya kuchuja maji ya miwa, jambo linalopendeza: uchafu wa miwa ukawa nyumba ya rizobia.

Halafu ukaja mradi wa N2Africa, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi kuanzia mwaka 2009, ukafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Matokeo yake yanafaa kusomwa kwa makini, kwa kuwa yana habari njema na onyo kwa pamoja. Kaskazini mwa Nigeria, kwenye mashamba ya wakulima wenyewe, rizobia peke yao waliongeza kilo 447 kwa hekta. Mbolea ya fosforasi peke yake iliongeza kilo 452. Viwili hivyo vikitumika pamoja, ongezeko lilikuwa kilo 777. Hizo ni gunia karibu nane za kilo mia kwa hekta, kutoka kwenye kifurushi kidogo cha unga na mbolea ambayo haikuwa ya naitrojeni.

Lakini uchambuzi mpana zaidi wa nchi kumi, uliochapishwa mwaka 2018, ulitoa wastani wa kilo 115 tu kwa hekta: kutoka takriban kilo 1,230 hadi 1,340. Tena tofauti kati ya shamba na shamba ilikuwa kubwa mno. Kuna waliovuna maradufu na kuna ambao hawakuona chochote.

Mtu asiyejua atasema bakteria hawafanyi kazi. Safu hii inaona tofauti. Wastani huo mdogo unaonyesha jinsi mashamba mengi yanavyowapokea bakteria wazuri kwenye udongo usioweza kuwalisha. Kuinasa naitrojeni ni kazi inayokula nishati nyingi mno, na nishati katika kila kiumbe hupitia kwenye fosforasi. Udongo wenye uchachu, pH ikiwa chini ya 5, huwafunga rizobia na mizizi pia. Mvua ikikatika wiki mbili baada ya kupanda, vinundu havijengeki. Mkulima akipaka mbegu bakteria kwenye shamba lililochoka bila samadi, bila chokaa pale inapohitajika, bila mbolea ya fosforasi ya aina yoyote, iwe TSP au ya Minjingu inayochimbwa mkoani Manyara, amemwalika fundi na kumnyima nyundo.

Mbali na naitrojeni, kuna vijidudu vya kuukinga mmea na magonjwa, na hapo ndipo matumaini na uongo vimechanganyika zaidi, hivyo panahitaji utulivu.

Udongo una fangasi wanaoozesha miche ya soya kabla haijatoka ardhini au mara tu inapotoka. Kuna raizoktonia, kuna fusari, kuna pithiamu anayependa udongo uliotuama maji. Kuna na yule anayesababisha uozo wa mkaa, ambaye hujitokeza ukame unapoubana mmea: ukilipasua shina karibu na ardhi utaona vidoa vyeusi vingi kama vumbi la makaa. Kwenye nyanda za juu zenye ubaridi na unyevu kuna ukungu mweupe, fangasi aitwaye sklerotinia, anayelivisha shina utando mithili ya pamba na kuacha ndani yake vipande vyeusi vigumu, kama kinyesi cha panya, vinavyoweza kuishi ardhini miaka kadhaa vikisubiri zao jingine.

Adui yao mkubwa ni fangasi mwenzao, trikoderma. Mwaka 1932 mtafiti Richard Weindling alieleza jinsi trikoderma anavyojiviringisha kwenye nyuzi za raizoktonia, akazitoboa na kuzila. Ni uwindaji wa kweli unaoonekana chini ya hadubini: uzi mwembamba unaupanda uzi mnene, unauzunguka kama mtambaazi unavyozunguka mti, kisha uzi mnene unanyauka. Trikoderma huvila hata vile vipande vyeusi vya ukungu mweupe vilivyojificha ardhini. Wakulima wa Brazil humnyunyizia juu ya matandazo ya majani ya brakiaria yanayofunika udongo, kwa sababu chini ya matandazo kuna kivuli na unyevu anaouhitaji. Aliyewahi kuona shamba tupu la Desemba likichomwa na jua kabla mvua haijakaa sawa ataelewa kwa nini dawa hiyohiyo inaweza kushindwa huko.

Mlinzi mwingine, basilasi, ni bakteria. Hutengeneza viambata vinavyotoboa ngozi ya fangasi, na muhimu zaidi kwa biashara, hujifunga ndani ya mbegu ngumu zinazostahimili joto na ukavu. Ndiyo maana chupa ya basilasi inaweza kukaa dukani muda mrefu ilhali pakiti ya rizobia, ambao hawana mbegu za namna hiyo, hufa kimya kimya kwenye rafu ya moto. Bakteria mwingine, sudomonasi, hupigana kwa njaa: hunyakua madini ya chuma yaliyo kuzunguka mzizi kabla fangasi mbaya hajayapata. Na baadhi ya vijidudu hawa hawamgusi adui kabisa. Huugusa mmea, ukaamka, ukawa tayari kujibu shambulio haraka zaidi hata kwenye majani yasiyoguswa.

Wote hao wana sharti moja linalofanana. Wanalinda, hawatibu. Faida yao ni kuuwahi mzizi, kukaa kwenye nafasi ambayo adui angekaa na kula chakula ambacho angekula. Mche ukishaanza kuoza, kuumwagia trikoderma ni kupoteza fedha. Kijidudu hupakwa kwenye mbegu au huwekwa kwenye udongo siku ya kupanda ama kabla yake.

Kutu ya soya haimo katika magonjwa wanayoyakinga, na hili lisemwe waziwazi kwa kuwa kuna wauzaji wanaodai kinyume bila haya. Kutu ni ugonjwa wa majani, chembe zake huletwa na upepo, na ulipoingia Uganda mwaka 1996 uliziangusha mbegu zilizokuwa zikitegemewa. Walioiokoa soya ya Uganda ni wazalishaji wa mbegu wa Chuo Kikuu cha Makerere chini ya Profesa Phinehas Tukamuhabwa, waliotoa Maksoy 1N mwaka 2004 na nyingine zikafuata. Kijidudu cha udongo huweza kuupa mmea afya ya kuvumilia zaidi. Hakiwezi kuchukua nafasi ya mbegu inayostahimili kutu.

Kuna na minyoo midogo ya mizizi. Marekani inasumbuliwa na mnyoo wa vifuko, aliyegunduliwa huko North Carolina mwaka 1954, ambaye ni mharibifu nambari moja wa soya nchini humo. Dhidi yake amepatikana bakteria aitwaye pasturia, ambaye mbegu zake hunata kwenye ngozi ya mnyoo mchanga, zikaota ndani yake na kumfanya ashindwe kuzaa. Huku kwetu anayesumbua zaidi ni mnyoo wa fundo, na hapa mkulima anaweza kudanganyika vibaya. Fundo za minyoo na vinundu vya rizobia hufanana kwa mbali. Tofauti huonekana mkononi: kinundu kimeshikizwa ubavuni mwa mzizi, kikisukumwa kwa kidole hubanduka, na ndani yake kuna wekundu. Fundo la mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Halibanduki mpaka mzizi ukatike. Kuna mabwana shamba wanaowapongeza wakulima kwa mizizi iliyojaa fundo, wakidhani ni neema.

Tatizo linalobaki liko dukani. Kuanzia mwaka 2009, mradi wa COMPRO ulipima zaidi ya bidhaa 100 za kibiolojia na kikemikali zilizokuwa zikiuzwa Kenya, Ethiopia na Nigeria kwa ahadi ya kuongeza mavuno. Nyingi hazikuonyesha faida yoyote. Miongoni mwa chache zilizosimama imara zilikuwa za rizobia wa soya. Matokeo hayo yalisaidia kuzisukuma nchi hizo kuweka taratibu za kukagua mbolea hai, kazi ambayo bado haijafika kila duka la pembejeo. Chupa yenye maandishi makubwa yanayodai kuponya, kurutubisha na kufukuza wadudu wa mazao yote kwa pamoja haistahili fedha ya mkulima hata kidogo. Pakiti nzuri husema kijidudu gani kimo, kwa zao gani, wangapi kwa gramu, na mwisho wa matumizi ni lini. Kiwango kinachotarajiwa kwa rizobia wa unga ni bakteria bilioni moja kwa gramu.

Na hata pakiti nzuri huharibiwa na safari. Hebu mtu aifuate kutoka kiwandani. Inapakiwa kwenye basi la usiku, inashushwa stendi alfajiri, inakaa kwenye boksi hadi saa nane mchana, inafika duka lenye paa la bati bila dari, inatundikwa kwenye msumari karibu na mlango ili ionekane. Msimu ukichelewa, inangoja. Kila hatua ya safari hiyo huwaua bakteria kwa mamilioni, wala pakiti haibadiliki rangi. Mkulima anapaka unga uliokufa, vinundu havitoki, na mwaka unaofuata hataki hata kusikia neno rizobia. Imani hiyo kuirudisha ni kazi ngumu kuliko kuzalisha bakteria wapya. Kwa hesabu ya safu hii, mwenye duka mmoja aliye na mtungi wa udongo au friji ndogo ana thamani kubwa zaidi kwa soya ya wilaya yake kuliko semina tatu hotelini.

Upakaji wenyewe ni kazi ya dakika kumi, lakini una miiko. Gundi inayokuja na pakiti, au sukari kidogo, huyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu yaliyoachwa yapoe. Mbegu humwagiwa maji hayo kiasi cha kulowana juu tu, zisivimbe. Kisha unga hunyunyizwa, kama gramu 10 kwa kila kilo ya mbegu, na kuchanganywa taratibu mpaka kila mbegu ivae koti jeusi. Haya yote hufanyika kivulini. Mbegu hupandwa siku hiyohiyo na kufukiwa papo hapo, kwa maana jua la muda mfupi tu linatosha kuharibu kazi. Hazichanganywi na mbolea ya chumvichumvi kwenye beseni moja. Na mbegu zilizokwisha kupakwa dawa ya ukungu ni tatizo: dawa nyingi za namna hiyo huwaua rizobia pia. Anayezinunua hana budi kuuliza kama dawa iliyotumika inapatana na bakteria, au atafute mbegu isiyopakwa dawa.

Trikoderma, kwa kuwa ni fangasi, huuawa na dawa hizo kwa urahisi zaidi. Mkulima hawezi kununua kinga mbili zinazouana kisha akashangaa.

Wakati wa kulifanya jambo hili kwa uzito ni sasa. Mwaka 2020 China ilifungua soko lake kwa soya ya Tanzania, na viwanda vya chakula cha kuku kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala vinaitafuta. Mavuno ya tani moja na ushei kwa hekta hayawezi kushindana na Brazil, na kuyaongeza kwa kupanua mashamba kutakula misitu ya Miombo. Vituo vya utafiti vipo. TARI Uyole iko Mbeya, katikati ya ukanda wa soya wenyewe. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro kilishawahi kutengeneza unga wake wa rizobia, ukaitwa Nitrosua, na ujuzi ule haupaswi kubaki kwenye makabrasha. Kinachohitajika ni kuwatafuta bradirizobia waliokwisha zoea udongo wetu, kuwapima dhidi ya wale wa kigeni, kuwazalisha karibu na mkulima, na kuifanya mamlaka inayosimamia mbolea ichukue sampuli kutoka rafuni, kule ambako mkulima hununua, na isiishie mlangoni mwa kiwanda.

Nyanda za Juu Kusini hupanda soya kati ya Desemba na Januari, na unga mwingi wa rizobia una uhai wa takriban miezi sita tu ukitunzwa mahali pa baridi. Anayejiandaa kwa msimu asome tarehe kabla ya kusoma bei, amwulize mwenye duka pakiti ilikaa wapi, na ikiwa jibu ni pale mlangoni kwenye jua, airudishe. Kisha anunue fosforasi pamoja nayo. Na wiki ya saba, mvua ikiwa bado ipo, achukue jembe na ndoo ya maji, achimbe miche mitano katika pembe tofauti za shamba, na apasue vinundu kwa ukucha aone rangi.